UFUNDI WETU: Chungu Kisipasuke Motoni

Ndugu mfinyanzi wa Mlali, chungu kikipasuka motoni, kazi ya siku nyingi imepotea. Kwa nini hupasuka?

Kitu kikipata joto hutanuka. Upande wa nje ukitanuka upesi kuliko wa ndani, chungu hupasuka. Maji yaliyobaki katika udongo nayo hugeuka mvuke na kukivunja.

Tufanye nini? Kwanza, twanga vigae vya vyungu vilivyovunjika. Chekecha, kisha changanya unga wake na udongo mbichi. Vigae vimekwisha kuchomwa, havisinyai tena.

Pili, anika chungu kivulini mpaka kikauke kabisa.

Tatu, anza na moto mdogo. Ongeza kuni polepole. Moto ukizimika, kiache kipoe jivuni.

Usitupe vigae. Ni dawa ya chungu kipya.