Nyoka wa Bukini kwenye benchi la Josaphat

Jumamosi iliyopita jua lilitoka hapa Schaerbeek, nasi tukakimbilia bustani ya Josaphat. Binti yangu wa miaka 7 alibeba kitabu cha wanyama alichoazima maktaba. Tulipokaa kwenye benchi akanifungulia ukurasa wa nyoka wa kijani aliyejiviringa mtini.

"Funga hicho!" nikasema. Mimi nimelelewa Tanga. Nyoka akionekana, kwanza fimbo, maswali baadaye.

Hakufunga. Basi tukasoma pamoja.

Huyo ni boa wa mtini wa Bukini, yaani Madagaska. Hana sumu. Hufikia kama mita 2, na usiku huwinda ndege na wanyama wadogo. Huwabana kwa mwili wake, kisha huwameza bila kutafuna. Katikati ya magamba ya midomo yake mna vishimo vinavyohisi joto, kwa hiyo hata gizani humtambua mnyama mwenye damu moto.

Kilichotushangaza zaidi ni uzazi wake. Chatu wa kwetu bara hutaga mayai na kuyazungushia mwili. Boa huyu huzaa watoto walio hai. Jike akiwa na mimba ngozi yake hugeuka kuwa nyeusi zaidi, ili afyonze joto la jua kwa ajili ya wanawe. Watoto huzaliwa wekundu, na wakikua huwa kijani.

"Kama wewe, Mama, unavyolifuata jua," akasema. Tukacheka.

Kisha akauliza: "Kwa hiyo nikimwona kwa Bibi, nimshike?"

Kicheko kikakatika. Mwezi wa saba tunakwenda Tanga. Madagaska haina koboko wala fira wala kifutu, lakini Tanga nyoka wa kijani juu ya mwembe anaweza kuwa koboko wa kijani, na sumu yake inaua.

"Hapana, mwanangu. Usimguse wala usimpige. Rudi nyuma polepole, umwite mtu mzima."

Akarudia maneno hayo mara mbili, kisha akafungua ukurasa wa vinyonga.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanawajua nyoka kwa picha tu. Kabla hamjafunga masanduku ya likizo, kaeni nao mzungumze juu ya nyoka wa huko mnakokwenda. Mimi nilikuwa karibu kulifunga somo hilo pamoja na kitabu.