Bomba Likigonga Ukutani, Usikimbilie Kuvunja Ukuta

Mama mmoja wa Raskazone ameniletea swali ambalo limeshazusha ugomvi nyumbani kwake. Mumewe amepanda ukoka mbele ya nyumba, akaweka springla nne na kuziunganisha na bomba linalopeleka maji bafuni. Tangu hapo, kila jioni bustani ikishamwagiliwa, ukuta wa bafu unagonga: ngo! ngo! ngo! Mama mkwe aliyekuja kutoka Pangani amehama chumba kilicho jirani na bafu hilo. Anasema nyumba ina wageni. Dada wa kazi ameshalaumiwa mara mbili kwamba anabamiza milango. Na fundi aliyeitwa anataka ukuta uvunjwe, mabomba yote yabadilishwe. "Nimpe hela?" anauliza.

Usimpe, mama. Subiri kwanza.

Kinachogonga ni maji. Maji yanayokimbia ndani ya bomba ni kama abiria ndani ya daladala: dereva akikanyaga breki ghafla, wote mnaangukia mbele. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 20 lina karibu kilo tatu na nusu za maji. Koki ikifungwa ghafla, uzito huo unajipiga, unarudi nyuma, unapiga tena, mpaka nguvu ziishe. Mrusi Nikolai Zhukovsky alieleza hesabu zake mwaka 1898, baada ya kufanya majaribio kwenye mabomba ya Moscow. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla ndani ya bomba la chuma, hupandisha presha sawa na ya maji yaliyosimama kwenda juu zaidi ya mita 100. Simtanki iliyo juu ya mnara wa mita sita inatoa presha ya mita sita tu! Bomba la plastiki hupunguza pigo kwa kuwa hutanuka kidogo, lakini haliliondoi.

Springla nne zikifanya kazi pamoja huvuta maji mengi kwa kasi, hasa pampu ikiyasukuma. Kisha ile koki ya mkono, inayofungwa kwa kugeuza robo duara tu, huyakata mara moja. Kelele husikika bafuni kwa sababu pigo husafiri ndani ya bomba hadi pale ambapo bomba halikushikwa vizuri.

Kwa hiyo chunguza kwanza linagonga wakati gani.

Likigonga unapofunga koki ya bustani, ifunge polepole huku ukihesabu hadi kumi. Kelele ikiisha, umeshampata mchawi wako, na hujatumia hata senti.

Likigonga pampu inapozima au umeme unapokatika, itazame vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Huenda inachelewa kujifunga, kisha inajibamiza. Ile yenye springi ndani hujifunga mapema zaidi.

Likigonga wakati tangi la choo au simtanki inakaribia kujaa, boya linacheza juu ya mawimbi, likifungua na kufunga. Libadilishe boya.

Likivuma mfululizo wakati maji yanatoka, tazama kipira cha ndani ya koki, huenda kimelegea. Na likikohoa na kutema baada ya maji kukatika kwa muda, hiyo ni hewa tu. Fungua koki pole pole mpaka itoke.

Kwa nyumba ya Raskazone, tiba ni hizi. Weka koki ya kuzungusha mara nyingi badala ya ile ya mkono. Washa springla mbili mbili, si zote nne. Bomba linaloonekana lishikwe kwa klipu kila baada ya hatua moja. Tumia za plastiki, maana hewa ya bahari hapa kwetu hula chuma upesi. Kama pampu ina tangi dogo la presha, fundi apime upepo wake. Ukiisha, tangi hilo halipokei tena pigo. Na baba akipata nafasi, bustani ipewe bomba lake la inchi moja kutoka kwenye pampu, liachane na bomba la bafu.

Wenye springla zinazojifunga kwa saa ya umeme hawawezi kuhesabu hadi kumi. Hao wapunguze maji kwenye koki inayotangulia vali hiyo, au watumie bomba pana zaidi.

Lisiachwe hivyo hivyo kwa kuwa mmelizoea. Kila pigo linalegeza maungio, na ungio likiachia ndani ya ukuta, mtaona rangi inabanduka na bili inapanda, huku maji ya Mto Zigi yakipotelea chini ya sakafu. Hapo ndipo ukuta utavunjwa kweli.

Jioni ya leo, mama, mkaribishe mama mkwe akae kwenye kiti pale bafuni. Baba afunge koki kwa ghafla mara moja, kisha aifunge polepole. Akisikia tofauti kwa masikio yake mwenyewe, atarudi chumbani kwake.

Na yule dada wa kazi, muombeni radhi.