Kabla hujamfukuza dada wa kazi, hesabu samaki wako

Leo wanasiasa nawapa likizo. Nataka kuzungumzia tangi la samaki. Ndiyo, wale samaki wadogo wekundu wa mapambo, goldfish, ambao hawaliwi wala hawauzwi, kazi yao ni kuzunguka ndani ya kioo sebuleni na kutukodolea macho. Kama unaona ni jambo dogo, subiri nikusimulie jinsi samaki sita walivyotaka kumkosesha binti wa watu kibarua chake, na mimi, mwandishi wa habari mwenye digrii yangu kabatini, nikiwa upande wa mashtaka.

Naishi Isevya, hapa Tabora mjini, nyumbani kwa shangazi yangu. Lile tangi ni zawadi aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar, likiwa limeviringishwa kwenye mablanketi kama mgonjwa. Lita sitini hivi. Shangazi akaliweka mahali pa heshima, pembeni ya kabati la vyombo. Mwanawe akapanga changarawe chini, unene wa vidole vinne, akaweka na kachungu ka udongo ili samaki wapate pa kujificha. Kabla hajarudi Dar, Shangazi akatoa amri: changarawe zisiguswe, mtaharibu mpangilio wa mwanangu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Watoto wa jirani hawaondoki. Mgeni hata hajasalimia vizuri, kashainama kwenye kioo.

Kisha ukaingia mwezi wa tisa. Aliyewahi kuishi Tabora anajua joto la mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaonja ardhi. Harufu ilianza kwa mbali, unadhani ni mtaro wa nje. Baadaye ikahamia ndani, ikakaa kwenye makochi, ikakaa kwenye mapazia. Tukafukiza udi. Tukafukiza ubani. Mimi nikanunua na ile dawa ya kupuliza ya kwenye kopo. Matokeo yake sebule yetu ikawa inanuka mayai viza yaliyotiwa udi!

Siku ya siku ikafika. Binamu yangu alikuwa anachumbiwa, wakaja wazee wa upande wa pili pamoja na akina mama wawili. Mama mmoja akaanza kurekebisha ushungi wake, akaurekebisha, akaurekebisha, mpaka ukatua puani na haukushuka tena. Chai walikunywa nusu kikombe. Wageni walipoondoka, Shangazi akamwita dada wa kazi.

"Wewe, hili tangi unaliosha au unalitazama tu?"

"Nimeliosha juzi, Mama. Kila Jumamosi naosha."

"Umeosha nini na nyumba inanuka? Mwezi ukiisha unapanda gari lako la Sikonge."

Na hapa ndipo pananiuma. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, simu mkononi, nikasema, "Huyu naye, Shangazi, ni uvivu tu." Maneno sita hayo, na binti wa miaka kumi na tisa, ambaye nusu ya mshahara wake inakwenda kulipia mahitaji ya shule ya mdogo wake, akainamisha kichwa, akaondoka kwenda jikoni.

Kesho yake alfajiri nilitoka kuwahi kazini nikamkuta bombani. Katoa maji yote ya tangi, kasugua vioo, na ile sponji ya kwenye filta ameitia sabuni ya unga anaikamua mpaka imekuwa nyeupe kama mpya. Samaki wamo kwenye beseni la maji ya bomba, wamelala ubavu. Nikajiuliza, mvivu gani huyu? Mtu anaosha tangi mara moja, mara mbili kwa wiki mpaka mikono inachubuka, na siku ya tatu harufu imerudi. Kama uchafu ungekuwa ndio kutooshwa, basi kwa kuosha kule tangi lile lingekuwa linanukia marashi.

Kazini kwangu nikileta habari bila kueleza chanzo, mhariri ananirudishia na matusi mawili matatu juu yake. Nimeandika habari ngapi za mitaro na dampo nikiwabana viongozi waseme chanzo ni nini? Nyumbani kwangu sikuuliza hata swali moja. Jioni ile nikakaa mbele ya tangi na daftari.

Kwanza nikahesabu samaki. Usicheke, hilo ndilo jambo la kwanza. Samaki mmoja akifia nyuma ya filta au ndani ya chungu, siku mbili tu nyumba haikaliki. Nikahesabu sita, wote wazima, ingawa walikuwa wanapumulia juujuu, midomo nje ya maji, na hiyo peke yake ni dalili. Kisha nikachota maji kwenye glasi, nikaenda nayo uani kwenye hewa safi, nikanusa. Yananuka kidogo, kama bwawa. Siyo ile harufu yenyewe. Nikarudi, nikachukua mwiko wa mbao, nikauchomeka polepole kwenye changarawe za mwanawe Shangazi. Lahaula! Mapovu yakapanda juu, na mayai viza yakanijaa puani mpaka machozi yakanitoka. Nimempata mwizi.

Nikampigia rafiki yangu aliyesomea ufugaji wa samaki pale SUA, Morogoro. Alicheka kwanza. Halafu akaniuliza maswali matatu, na kila jibu nililompa lilinirudi mwenyewe.

Swali la kwanza: nani anawalisha? Nikaanza kuhesabu. Shangazi anawalisha akimaliza swala ya alfajiri. Watoto wa jirani wakitoka shule. Binamu yangu saa yoyote akiwa na mawazo ya uchumba. Mimi nikirudi usiku nawaona wanakuja mbio kwenye kioo, nawaonea huruma, natia chakula, na siku nyingine kipande cha chapati. Kumbe samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu, chakula kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, kwa hiyo ukimsogelea ataomba hata kama amekula sasa hivi. Kinachobaki kinazama, kinaingia katikati ya changarawe, kinaoza. Na kwa kuwa changarawe ni nene na haziguswi, hewa ya oksijeni haifiki kule chini, wanabaki bakteria wale wanaoishi bila hewa, nao ndio wanaotengeneza ile gesi ya mayai viza. Ni sumu hata kwa samaki wenyewe. Dada wa kazi peke yake ndiye alikuwa hawalishi. Alikuwa hajaruhusiwa kugusa kopo!

Swali la pili: mnaosha vipi? Nikamweleza habari ya sabuni na sponji nyeupe. Akanyamaza kidogo, akasema, mnaua wafanyakazi wenu. Akanifafanulia hivi. Samaki anapopumua na kunya anatoa amonia, na amonia inamuunguza matamvua. Katika tangi lililokaa sawa kuna bakteria wazuri wanaoganda kwenye sponji na kwenye mawe, kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa na unaipunguza kwa kubadili maji kidogo kidogo. Bakteria hao huchukua kama mwezi mmoja mpaka mwezi na nusu kujijenga. Sisi tulikuwa tunawafuta kila Jumamosi kwa sabuni. Na hata bila sabuni, maji ya bomba yana klorini. Maji yetu siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, yanasafishwa kule Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafiri mamia ya kilomita mpaka yatufikie. Sisi tuliokua tukisubiri maji ya Bwawa la Igombe hatuna la kusema ila shukrani, na klorini imewekwa ili tusiugue kipindupindu. Lakini inayomwokoa mtoto ndiyo inayomuua bakteria wa tangi. Kwa hiyo kadiri binti alivyozidi kuosha, ndivyo tangi lilivyozidi kuharibika. Na alikuwa anaosha hivyo kwa sababu Shangazi alimwelekeza hivyo, na nilikuwepo akielekezwa.

Swali la tatu ndilo lililonimaliza. Filta inafanya kazi usiku na mchana? Nikasema ndiyo, labda umeme ukatike. Nilipokata simu nikageuka, nikaona soketi. Waya wa filta uko chini, na kwenye soketi kuna chaja ya nani? Ya kwangu. Sebuleni kuna soketi moja tu inayofanya kazi, na kila usiku nikirudi nachomoa filta nachaji simu na kompyuta mpaka asubuhi. Saa saba, saa nane maji hayazunguki, bakteria hawapati hewa, samaki wanahema. Na maji yakiwa ya moto kama ya mwezi wa tisa hubeba oksijeni kidogo zaidi. Yaani nilikuwa ninafanya mgawo wa umeme wangu mwenyewe kwa samaki, halafu asubuhi naamka kumwita mtu mvivu.

Nilikaa kimya muda. Nilikumbuka vile vitabu vya wasafiri wa Kizungu waliopita mji huu, akina Burton na Speke waliofika hapa, Kazeh enzi hizo, mwaka 1857. Vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi, wavivu, wakorofi, wanatoroka. Njia anachagua bwana, mzigo anapanga bwana, siku ya kuondoka anaamua bwana, mambo yakiharibika kosa ni la aliyebeba. Miaka zaidi ya mia na hamsini imepita na sisi wajukuu wa wapagazi tumejifunza wimbo uleule, tunawaimbia dada zetu wa kazi.

Nilimwambia Shangazi yote, na ya chaja nikayaanzia. Akaniangalia, akasema, "Kumbe ni wewe." Hapana, nikasema, ni sisi. Hakupenda.

Kazi ya kurekebisha ilichukua Jumapili moja. Tuliwahamisha samaki kwanza kwenye ndoo yenye maji yao ya zamani, kwa sababu ukichokonoa changarawe wakiwa ndani ile gesi inaweza kuwaua. Tukatoa changarawe zote, uani kukanuka mpaka jirani akauliza. Tukarudisha unene wa kidole kimoja tu. Sponji tukaisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, bila sabuni, ikabaki na rangi yake ya kahawia, na Shangazi ikamkera mpaka leo. Nikanunua waya wa kurefusha umeme wenye matundu manne, filta ikapata tundu lake. Maji tunabadili robo, mara mbili kwa wiki, na yanakaa kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima kwanza ili klorini ipungue. Robo hiyo tunaivuta kwa mpira kutoka chini, ndiko uchafu uliko. Chakula mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Ile harufu ya mayai viza iliondoka siku hiyohiyo na changarawe. Lakini sitawadanganya, wiki ya pili samaki mmoja alikufa, bakteria walikuwa hawajarudi, na maji yalikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Shangazi akataka tuoshe kila kitu upya. Tuligombana. Wiki ya tano maji yakatulia yenyewe, ukiinama unanusa harufu ya mvua tu. Watano kwa lita sitini bado ni wengi, samaki huyu anakua mpaka anapita kiganja na akitunzwa anaishi miaka kumi na zaidi, kwa hiyo wawili wameshapata makao kwa rafiki wa binamu mwenye bwawa la saruji.

Wako watakaosema kijana kapoteza Jumapili kwa samaki wasiolika, wakati treni ya Kigoma inatuletea migebuka na dagaa wa kuliwa. Sawa. Lakini samaki wenye rangi nzuri kuliko hawa wapo Ziwa Tanganyika, na kwa miongo kadhaa walisafirishwa wakiwa hai kwenda kukaa kwenye vioo vya Wazungu. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Dada wa kazi yupo, mwezi ulikwisha na hakupanda gari. Shangazi hakumwomba radhi, watu wa umri wake wana njia zao, ila alimkabidhi kopo la chakula cha samaki mbele yetu sote. Mimi nilimwomba, jikoni, akasema yamekwisha. Juzi usiku nimerudi, samaki wakaja mbio kwenye kioo, nikanyoosha mkono kwenye kabati. Kopo halipo. Nikamsikia kutoka jikoni: "Kaka, wameshakula."