Sikiliza kifua kabla ya kuulaumu moyo

Karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, inaweza kuusingizia moyo kosa la pafu, na mkoa wa Singida una sababu ya kulijua hilo mapema.

Hewa ikivuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu husinyaa. Likiwa la kushoto, moyo husogezwa na hewa ile huzuia umeme wake kufika vizuri kwenye nyaya zilizobandikwa kifuani. Mawimbi yanayotakiwa kurefuka kuanzia waya wa V1 kwenda mbele yanabaki mafupi, mhimili wa umeme wa moyo unaelekea kulia, pengine wimbi la T linapinduka. Anayesoma harakaharaka ataona shambulio la moyo. Hewa ikitolewa, mara nyingi mchoro unarudi kawaida.

Singida mapafu ya namna hiyo hayakosekani. Dhahabu ya Sekenke, wilayani Iramba, ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo mkoani wanaponda mawe na kuvuta vumbi lake. Vumbi hilo huharibu mapafu na kukaribisha TB, na pafu lililoliwa na TB hutoboka. Bado kuna barabara kuu ya Dodoma hadi Nzega, malori na bodaboda: ubavu ukivunjika unaweza kuchoma pafu.

Kulichukulia pafu lililotoboka kuwa shambulio la moyo ni hatari. Mgonjwa akipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kisha ikabidi awekwe mpira wa kifua, anaweza kuvuja damu vibaya. Hewa ikizidi kubana, presha inashuka, na Dodoma, anakoweza kupelekwa kwa rufaa ya moyo, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida mjini. Rufaa ya namna hiyo, kabla hewa haijatolewa, ni kumsafirisha mtu akafie njiani.

ECG ipimwe, hatuna ugomvi nayo. Lakini mgonjwa avuliwe shati, kifua kisikilizwe pande zote mbili na kigongwe kwa vidole. Upande wenye hewa unalia kama ngoma, na pumzi yake ni hafifu au haisikiki kabisa. Hali ikiruhusu, apigwe eksirei. Akiwa anazidiwa, sindano ya kutoa hewa itangulie picha.

Tunawaomba waganga wakuu wa wilaya, kuanzia Mkalama hadi Manyoni, wanapokagua stoo za dawa waulize pia sindano nene, mpira wa kifua na chupa yake viko wapi, na kama muuguzi wa zamu ya usiku anao ufunguo.