Mto Uliokosa Mkunga

Katika mto Susquehanna, Marekani, kome wa maji baridi huishi miongo mingi. Ukiwatazama chini ya maji, utadhani mambo ni mazuri. Lakini sehemu nyingi walibaki wazee tu, bila watoto. Mabuu ya kome hujishikiza kwanza kwenye mashavu ya samaki ndipo yakue, na mbebaji mkuu wa aina moja ya kome wa mto huo ni mkunga, samaki mrefu kama nyoka. Bwawa la umeme la Conowingo, lililokamilika 1928, liliwafungia mikunga njia ya kupanda kutoka baharini. Wataalamu walipowapeleka mikunga katika kijito cha Buffalo kuanzia 2010, kome wachanga walionekana tena.

Nasi humwita mkunga yule anayezalisha. Jina limefaa!

Papa Fransisko alitukumbusha katika Laudato Si' (2015) kwamba viumbe vyote vimeunganishwa. Basi haitoshi kumlinda kome. Tumlinde na anayembeba. Na kabla ya kujenga mabwawa yetu, tuulize: nani tunamfungia njia? Umeme tunauhitaji, lakini uzee usio na watoto si uhai mzima.