Dhambi Haipimwi kwa Tumbo la Binti

Ukiuliza katika sharika na parokia nyingi, kuanzia Dongobesh hadi Haydom katika nchi ya Mbulu, au ukivuka upande wa Hanang' hadi Katesh, dhambi ni nini, jibu la haraka litahusu mwili: uzinzi, pombe, binti aliyepata mimba nyumbani kwao. Nyuma ya jibu hilo kuna imani iliyozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji tena. Imani hiyo inasema tamaa ya mwili ndiyo dhambi yenyewe, sheria ya Mungu ililetwa kuizima, na aibu ya hadharani ndiyo inayoifanya sheria iogopwe. Kwa imani hiyo binti anasimamishwa kwaya na kutengwa na Meza ya Bwana, kisha baada ya miezi kadhaa anaitwa mbele ya washarika kuungama ili arudishwe kundini, mtoto akiwa mgongoni. Kijana aliyempa mimba, kama hakutajwa au alikana, anaendelea kuimba besi Jumapili ileile. Wengi wanaolalamikia jambo hili wanasema kanisa limezidi ukali. Mimi nasema tatizo ni kubwa kuliko ukali, kwa sababu sheria ya Mungu yenyewe imesomwa vibaya.

Tuanze pale Biblia inapoanzia. Katika Mwanzo sura ya 2 Mungu anaotesha miti inayopendeza macho na kufaa kwa chakula, na hapo amri bado haijatolewa, wala nyoka hajafika. Katika sura hiyohiyo mwanamume anamwona mwanamke na kufurahi waziwazi. Kutamani chakula, uzuri na mwenzi kulikuwamo bustanini kabla ya kosa lolote. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anaifananisha tamaa na mama anayechukua mimba, ndipo dhambi inazaliwa. Kwake mama ni mmoja na mtoto ni mwingine. Paulo anakwenda mbali zaidi. Katika Warumi 7 anasema sheria ni takatifu, lakini ilipomkataza kutamani, dhambi ilipata upenyo katika katazo lenyewe ikamwamshia tamaa za kila namna. Sheria ilimwonyesha ugonjwa, haikumponya. Anayesema tukikaza sheria tamaa itakufa anabishana na Paulo, na ni vizuri ajue kwamba anabishana naye.

Mlutheri aliyesoma atanipinga hapa, tena kwa haki. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu chake cha pili, linafundisha kwamba tamaa mbaya tunayozaliwa nayo ni dhambi kweli. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, lilijibu kwamba tamaa inayobaki ndani ya aliyebatizwa hutoka katika dhambi na huvuta kwenye dhambi, ila yenyewe si dhambi kwa maana kamili. Katika mji mdogo kama Dongobesh, ambako Walutheri na Wakatoliki wanazikana na kuoana, tofauti hii haipaswi kudharauliwa. Lakini chukua fundisho gumu zaidi kati ya hayo mawili, la Augsburg, uone linatupeleka wapi. Ikiwa tamaa tunayozaliwa nayo ni dhambi, basi mchungaji anayo, mzee wa kanisa anayo, na mwalimu wa kipaimara anayo sawasawa na binti yule. Fundisho hilo liliandikwa ili asipatikane mtu wa kusimama juu ya mwenzake. Kulitumia kumtenga mmoja aliyeonekana tumbo ni kuligeuza kinyume cha kusudi lake. Na kwa Mkatoliki swali ni fupi zaidi: aliyekwisha kupokea Kitubio kwa toba ya kweli ameondolewa dhambi, sasa jumuiya inamdai nini tena?

Basi desturi hii inatoka wapi, kama haitoki katika Maandiko wala katika maungamo ya makanisa yetu? Kwa nchi ya Mbulu, sehemu ya jibu iko katika mila za Wairaqw, wenyeji wake. Zamani binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa kuwa ameitia nchi unajisi unaoweza kuzuia mvua na kuleta maafa nyumbani, kwa hiyo aliondolewa. Ila hakuwa peke yake. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba alitengwa, na waliofiwa walitengwa. Wote hao hawakuwa wamekosa. Waliguswa na jambo lililohofiwa kuwa la hatari kwa wengine. Ulikuwa mfumo wa unajisi, na ndani ya mantiki yake ulikuwa na maana. Wamisionari walipofika waliuita utengano wa mjane na wa aliyeharibikiwa na mimba kuwa ni upagani, na Marko 5, pale Yesu anapoguswa na mwanamke mwenye kutokwa damu naye akamwita binti, iliwapa sababu nzuri ya kusema hivyo. Utengano wa binti mwenye mimba ndio uliobaki, ukapewa jina la nidhamu ya kanisa. Ni unajisi uleule uliobatizwa ukaitwa sheria ya Mungu, ndiyo maana unamkamata anayebeba alama mwilini na kumwacha asiyebeba.

Kuna mahali ambapo hili linakuwa jambo la kutisha, wala si la kujadiliwa kwa upole. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998, mwanamume anayemwingilia msichana asiye mkewe aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Kanisa linapomsimamisha mwanafunzi wa miaka 15 aungame uasherati, linamwungamisha aliyetendewa jinai. Hata Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22, ilijua kumwachia huru msichana aliyekamatwa shambani akapiga kelele bila kupata msaada.

Wapo watakaosema bila hofu vijana wataharibika. Hoja hiyo nchi yetu imeijaribu kwa miaka mingi. Wanafunzi waliopata mimba walifukuzwa shule, Rais Magufuli akalisisitiza jambo hilo hadharani Juni 2017, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi. Katika miaka ya kufukuzwa, tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kiwango cha wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba kikipanda kutoka asilimia 23 mwaka 2010 hadi 27 mwaka 2015/16. Sidai kwamba adhabu ndiyo iliyowaongeza. Umaskini, umbali wa shule na mengine yalikuwapo. Ninachodai ni kwamba hofu iliyoahidiwa kuwa ngao haikuwakinga.

Hoja ya mwisho ya watetezi ndiyo nzito kuliko zote: Paulo mwenyewe aliwaagiza Wakorintho wamtoe mzinzi kati yao. Ni kweli, 1 Wakorintho 5. Lakini aliyetajwa pale ni mwanamume, aliyekuwa na mke wa baba yake, na katika 2 Wakorintho 2 Paulo anahimiza kwamba mtu aliyeadhibiwa, ambaye wasomaji wengi tangu zamani wanaamini ni huyohuyo, asamehewe na kufarijiwa asije akamezwa na huzuni. Zaidi ya hayo, mstari wa 11 wa ileile 1 Wakorintho 5 unatoa orodha ya watu ambao Mkristo asile nao, na mara tu baada ya mzinzi anafuata mwenye tamaa ya mali, kisha mwabudu sanamu, mtukanaji, mlevi na mnyang'anyi. Katazo la kutamani katika Amri Kumi linaorodhesha nyumba ya jirani, ng'ombe wake na punda wake pamoja na mke wake. Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani anayesogeza mpaka wa shamba la mwenzake. Mnunuzi anayemlazimisha mkulima kufunga lumbesa, gunia lililovimba hadi kuvikwa kilemba cha kamba juu ya mdomo, kisha akalilipia kama gunia moja, anatenda kile ambacho Walawi 19 inakikataza kwa kutaja mizani na vipimo. Ndugu anayemnyang'anya mjane shamba marehemu akiwa na wiki mbili kaburini anajulikana kitongoji kizima. Hao wanakaribia Meza ya Bwana bila kuulizwa, wengine wakiwa wamebeba sadaka. Baraza la wazee ambalo halijawahi kumwita hata mmoja wao kwa mstari wa 11 halina haki ya kumwita binti kwa kuitumia sura hiyo.