Afya Nyumbani: Kifaa cha Kuuchunga Moyo Usiokwenda Sawa



Wapenzi wasomaji, jirani zetu wa Bani Malik, mliobaki na mliohama, na wenzetu wa Riyadh. Dada mmoja ameniletea swali ambalo naamini si lake peke yake. Mama yake, aliyekwisha kupindukia miaka sabini, aliambiwa na daktari kwamba moyo wake unapiga bila ya mpango, akaandikiwa dawa, akarejeshwa nyumbani. Watoto wakakaa kikao. Mmoja ataka anunuliwe saa ya mkononi ya bei kubwa; wa pili asema mashine ya presha yatosha; wa tatu ameona katika duka la dawa kile kidude cha kubana kidole. Fedha iliyopo ni ya kununulia kimoja tu. Wachague kipi?

Kwanza tufahamiane juu ya maradhi yenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na kila pigo huanzia juu kwa umeme mdogo ushukao chini kwa utaratibu. Katika maradhi haya, ambayo kwenye karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi mbili, AF, vyumba vya juu huacha kukaza na kulegea, vikawa vinatetemeka tu. Damu hutuama humo, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Hatari hiyo kwa mwenye AF imekadiriwa kuwa kiasi cha mara tano ya asiyekuwa nayo. Wako wanaohisi moyo kwenda mbio au pumzi kuwa fupi. Wako wanaohisi uchovu tu, ambao huku Jeddah sote huusingizia joto. Na wako wasiohisi lolote.

Sasa, kifaa kinunuliwe kwa kazi gani? Naona vijana wengi huliruka swali hili wakakimbilia dukani. Kuutafuta ugonjwa kwa mtu asiyejulikana kuwa nao ni jambo moja. Kumfuatilia aliyekwisha kupimwa ni jambo jingine. Mama huyu ameshapimwa. Kifaa kitakachomwambia "huenda una AF" kitakuwa kinamweleza habari aijuayo. Anachohitaji ni kujua kama mapigo yake yamezidi mbio na kama presha yake imetulia. Madaktari wengi huridhika mapigo yakiwa chini ya 110 kwa dakika mgonjwa akiwa amepumzika, lakini kiwango cha mama huyu atakisema daktari wake mwenyewe.

Na kabla ya kutoa hata riali moja, kila aliye nyumbani ajifunze kupima kwa vidole. Weka vidole viwili juu ya mshipa, chini ya kidole gumba cha mgonjwa, uhesabu kwa dakika nzima. Msihesabu sekunde kumi na tano mkazidisha kwa nne. Hesabu hiyo hufaa kwa moyo wenye mwendo sawa, lakini kwa moyo huu hudanganya.

Kidude cha kubana kidole tukiweke kando mapema. Kazi yake ni kupima oksijeni ya damu kwa mwanga, pamoja na idadi ya mapigo. Mpango wa mapigo hakiusemi. Tena rangi ya kucha au hina nyeusi huweza kuuzuia mwanga huo, nasi twajua vidole vya mama zetu siku za harusi na Idi.

Mashine ya presha ya mkono wa juu ndiyo ninayoipendelea kwa mama huyu, ila si kila mashine. Nyingi huonyesha alama ya moyo zikikuta pigo lisilo sawa, lakini alama hiyo huweza kutokea kwa pigo moja la ziada lisilo na madhara. Ziko nyingine zilizotengenezwa makusudi kuitambua AF, ambazo hupima mara tatu mfululizo kabla ya kutoa jawabu. Mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba, ilipendekeza mojawapo, WatchBP Home A ya kampuni ya Microlife, kwa watu wanaoshukiwa kuwa na presha. Hata ukiwa na mashine ya kawaida, pima mara tatu utafute wastani, kwani moyo usio na mpango huichanganya mashine na namba moja haiaminiki.

Kifaa cha umeme wa moyo, yaani ECG ya nyumbani, ni jambo jingine kabisa. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa uvumbuzi wa kipimo hiki, aliwatia wagonjwa wake mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Leo ni kibao kidogo chenye vipande viwili vya chuma: waweka vidole vya kulia na vya kushoto, watulia sekunde thelathini, mchoro watokea kwenye simu. KardiaMobile ni mfano mmojawapo. Mchoro huo daktari aweza kuusoma kwa macho yake, na hapo ndipo ubora wake. Lakini shurti awepo mjukuu mwenye simu, na mwenye betri ya moyo kifuani amuulize daktari kwanza.

Saa je? Saa huchunguza mapigo kwa mwanga nyakati mbalimbali, na baadhi yake, kama Apple Watch tangu toleo la nne la mwaka 2018, huchora pia ECG ukigusa kwa kidole cha mkono wa pili. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulihusisha watu 419,297. Waliopata onyo hawakufika hata mmoja katika mia, na kati ya walioonywa wakavaa kipimo cha kifuani, asilimia 34 ndio waliokutwa na AF wakati huo. Kwa kijana ambaye moyo humshtuka mara moja kwa mwezi, saa yaweza kulinasa tukio ambalo hospitali hulikosa. Kwa bibi asahauye kuitia chaji, ni bangili ya ghali. Na zile saa za rahisi za sokoni zidaizo kupima kila kitu, ulizeni kama zimesajiliwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia.

Basi jawabu langu: mashine ya presha yenye kutambua AF, na daftari. Riali zikibaki, kibao cha ECG baadaye.

Hapana kifaa chochote kati ya hivi kigunduacho shambulio la moyo. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, msianze kupima. Pigeni 997 kuita gari la wagonjwa. Wala kipimo kikitoka sawa si ruhusa ya kuacha dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu AF huja na kuondoka.

Kwa wenye jamaa nyumbani Afrika Mashariki: huko AF huwapata pia vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Uchunguzi wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa hao walifaidika zaidi na dawa za zamani za jamii ya warfarin kuliko rivaroxaban. Kwa hiyo asipelekewe mtu vidonge vya mwenziwe ndani ya begi. Apelekwe kwa daktari wa moyo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, tangu mwaka 2015.

Dawa hizi nyingine humezwa mara moja kwa siku, nyingine mara mbili. Mwulizeni daktari katika Shaabani jinsi ya kuzipanga baina ya futari na daku, nanyi mmekwenda na lile daftari.